Kisiwa Kisichouza Ardhi

Mwalimu wetu wa jiografia alitaka kisiwa. Kisiwa chochote, alisema, mradi kiwe mbali na kiwe chini ya bendera ya nchi nyingine. Tueleze sura ya nchi, watu wake na uchumi wake, kurasa nne, kwa mwandiko unaosomeka, na tumkabidhi kabla shule hazijafungwa. Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya wasichana huko Ganjoni, katikati ya miaka ya tisini. Wenzangu walikimbilia maktaba kugombania ensaiklopidia moja iliyokwisha kuchanwa kurasa na waliotutangulia. Mimi sikujisumbua. Kisiwa changu kilikuwa nyumbani, kimejikalia kwenye mkeka kwa kikoi na fulana, kinasubiri niulize.

Kisiwa hicho kilikuwa baba yangu. Alikuwa baharia, fundi wa chumba cha mashine katika meli ya kuvua jodari, na safari moja mtaimbo wa rafadha, ile pangaboi inayoisukuma meli, ulikatika katikati ya bahari ya Pasifiki. Meli ilivutwa kwa kamba hadi Pago Pago, bandari ya Samoa ya Marekani, ikaachwa hapo karibu mwaka mzima huku wenye meli wakibishana nani atengeneze. Nusu ya mabaharia walirudishwa makwao. Baba alibaki na wenzake wachache kuilinda meli isiyokwenda popote. Kwa hiyo kisiwa kile alikijua kama mtu anavyoujua mtaa wake, kwa kukitembea bila kazi.

Nayaandika haya kwa hasira, na nataka ijulikane tangu mwanzo. Sisi watu wa Mji wa Kale tumelelewa kwa adabu nyingi, na adabu yenyewe ni kumeza. Mtu anakutia kidole jichoni, wewe wamuuliza hali, na watoto hawajambo, na mzee yuaendeleaje. Hasira yangu nimeimeza miaka na miaka na haijashuka, basi leo naitema.

Tulianza na sura ya nchi. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikaa na daftari, baba akisema, mimi nikiandika. Kisiwa kile, alisema, ni kirefu na chembamba, na chote ni mlima. Ardhi tambarare ni ukanda mdogo tu kando ya maji, na nyumba zimejipanga humo humo. Nyuma ya nyumba mlima unapanda wima, umefunikwa na msitu mpaka juu. Katikati bahari imeingia ndani ikakaribia kukikata kisiwa vipande viwili, na mwanya huo ndio bandari, yenye kina na iliyokingwa na upepo, kwa sababu zamani palikuwa ndani ya mlima wa moto. Upande mmoja wa bandari kuna mlima ambao wenyeji wanasema ndio unaoleta mvua, na baba aliwaamini, maana ilinyesha karibu kila siku.

"Wewe wadhani masika ya hapa ni mvua?" aliniuliza. "Hapa ni kumwagiwa kikombe."

Nilimuuliza kuhusu saa, kwa sababu mwalimu alipenda mambo ya saa. Akaniambia kwamba sisi tukiwa msikitini mchana wa Ijumaa, kule bado ni Alhamisi usiku. Msikiti hakuuona. Aliswali peke yake kwenye sitaha, uso umeelekea jua linakotua, na mwanzoni alipotewa na hesabu ya siku mara mbili, akaswali Ijumaa siku isiyokuwa Ijumaa. Alicheka alipokuwa akinieleza. Baba alikuwa na kicheko cha karibu sana, na ninapokikumbuka ndipo hasira inapopanda zaidi.

Kisha tukaingia kwa watu. Ni watu wakubwa wa miili, alisema, na wapole wa maneno. Wanaume wanajifunga kitambaa kiunoni kama kikoi chetu, na hata wa ofisini hufanya hivyo, shati na tai juu, kikoi chini. Wanakula majimbi na mashelisheli yaliyopikwa kwa tui la nazi, na baba, ambaye mama yangu alishindwa kumlisha majimbi maisha yake yote, alirudi anayaulizia. Nguruwe alimwepuka, na wao wakamwekea samaki pembeni bila kumuuliza sababu. Jioni kengele hupigwa, na kila ukoo huketi ndani kusali. Aliyeko barabarani husimama alipo mpaka kengele ya mwisho. Baba akisimama pia, peke yake kando ya njia, akivuta uradi wake kimoyomoyo.

Nyumba zao za kizamani hazina kuta. Nguzo, paa na mikeka, basi. Palikuwa na bibi mmoja karibu na bandari aliyezoea kumwita baba aje ale, na baba akamwona kila siku anafagia kaburi lililokuwa mbele ya nyumba, hatua chache kutoka mahali pa kulia. Lilikuwa kaburi la mama yake. Kila nyumba ilikuwa na makaburi yake hivyo, mbele, yamesakafiwa vizuri, mengine watoto wameyakalia wanacheza. Baba alimuuliza mbona hawaziki makaburini. Yule bibi akamjibu kwa Kiingereza kilichovunjika kama cha baba mwenyewe kwamba hapo ni pa ukoo, na atakayetaka kupauza itambidi amuuze na mama yake.

Jambo hili lilimkaa baba kuliko yote. Alilirudia mezani, alilirudia msikitini, aliwasimulia watu waliokuja kwetu kununua mkate wa shangazi. Karibu ardhi yote ya kisiwa kile, alisema, ni ya koo. Kila ukoo una mkuu wake anayeiangalia, lakini hata yeye hawezi kuamka asubuhi akaiuza kwa mgeni, sheria haimruhusu. Mmarekani mwenyewe, mwenye bendera inayopepea juu ya mlingoti, akitaka mahali pa kujenga hukodi.

"Andika hilo," akaniambia. "Andika vizuri, mwalimu wako alione."

Niliandika: Watu wa kisiwa hiki hawauzi ardhi ya ukoo wao. Nikaipigia mstari chini kwa rula.

Uchumi ulikuwa jodari. Kwenye ghuba kulikuwa na viwanda viwili vikubwa vya kutia samaki mikebeni, na harufu yake, baba alisema, iliingia kwenye nguo, kwenye mto wa kulalia, kwenye chai. Meli za kila taifa zilikuja kupakua samaki waliogandishwa, wagumu kama magogo. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walisimama zamu nzima kwa mabuti na kofia nyeupe wakisafisha minofu, na wengi hawakuwa hata wenyeji wa pale, walitoka ile Samoa nyingine ya jirani. Mikebe ilikwenda Marekani. Asiyepata kazi kiwandani alitafuta kazi ya serikali, na vijana waliondoka kwenda jeshini au Hawaii, wakituma pesa nyumbani. Baba alirudi na mkebe mmoja wa jodari, na bibi yangu aliuweka kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya arusi yake. Haukufunguliwa. Tuliuangalia tu.

Mwisho wa sehemu ya uchumi baba alisema maneno ambayo niliyaandika kama yalivyotoka kinywani mwake. Meli si zao, alisema, kiwanda si chao, na samaki mwenyewe huliwa kwengine. Lakini pale wanapolala ni pao.

Sisi tulilala katika nyumba ya bibi, mama yake baba, katika kichochoro cha Mji wa Kale kilicho chembamba hata watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Nyumba ya ghorofa moja, kuta za mawe na chokaa, boriti nyeusi darini, mlango wa nakshi ambao wazungu waliupiga picha bila kubisha hodi. Baba, mama na sisi watoto tulikaa juu. Chini alikaa shangazi yangu, dada yake baba. Mume alimwacha akiwa bado kijana, akarudi kwao na sanduku moja, na bibi akamjengea tanuri uani. Tanuri hilo ndilo lililomlisha. Shangazi alioka mkate wa mofa, na watu walitoka mpaka ng'ambo ya Nyali kuufuata, na asubuhi za Ramadhani foleni ilitoka uani ikafika kichochoroni. Tanuri la udongo lililojengwa ardhini halihamishiki. Ukilitoa, ni vigae tu.

Bibi alipokuwa hai alisema kila mwaka kwamba nyumba ile anaitia wakfu kwa kizazi chake, isiuzwe, wakae wajukuu na vitukuu. Alisema kwa mdomo. Kuandika kulihitaji kwenda kwa Kadhi, na wa kumpeleka alikuwa ami yangu, mwanawe mkubwa, kakake baba. Wiki hii ana kazi bandarini. Wiki ijayo ana mafua. Mwezi ujao, mama, inshallah. Bibi akafa na inshallah hiyo masikioni.

Ami alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, kanzu imepigwa pasi hata ungeweza kujikata nayo. Hakukaa nasi, alikuwa na fleti nzuri huko Ganjoni, karibu na shule yangu. Hakuwa mwizi, nataka nimtendee haki, ingawa hastahili. Alikuwa mtu aliyeona nyumba ya zamani, inavuja, ina warithi watatu, na ameona magorofa yanavyopanda. Kote kisiwani kwetu, maana mji wetu nao ni kisiwa, wakati ule viwanja vilikuwa vikipotea. Kiwanja ambacho mimi na wenzangu tuliruka kamba kilizungushiwa mabati wiki moja, na wiki ya pili mabati yakawa na mlinzi. Hakuna aliyejua ni cha nani, ila sote tulijua si chetu tena. Ami alipata mnunuzi, mtu mwenye magodauni Shimanzi, ambaye alitaka kuiangusha nyumba na kupandisha vyumba vya kupangisha.

Shangazi alipopata habari alimfuata baba jikoni. Nilikuwa pale, nachambua mchele. Akamwambia, "Nduu yangu, mimi nikitoka hapa n'ende wapi na tanuri langu?"

"Maadamu mimi ni hai, nyumba haiuzwi," baba alisema. "Wale wa kule wamewazuia Wamarekani. Mimi nshindwe na kaka?"

Shangazi alicheka kwa furaha. Alikuwa hajacheka wiki nzima. Alikwenda akaoka mikate zaidi siku ile na akawagawia jirani bure.

Hapa lazima nieleze desturi moja, kwa asiyetujua. Kwetu jambo lolote zito, posa, suluhu, makubaliano, likishazungumzwa hufungwa kwa Fatiha, ile sura ya kwanza ya Qurani. Mkubwa wa kikao husema "Al-Fatiha," watu wote huinua mikono, husoma kimya, hujipangusa uso, na jambo limekwisha. Karatasi zitafuata baadaye, lakini karatasi ni za serikali. Aliyesoma Fatiha kisha akageuka, watoto wake hawaozwi kwa urahisi. Sura hiyo hiyo ndiyo tunayowasomea wafu wetu. Ukisikia mtu anasema "Al-Fatiha" huulizi ya nini. Mikono inapanda yenyewe.

Bibi alipotimiza mwaka kaburini, ami aliandaa hitima yake, kisomo cha kumwombea, nyumbani kwake mwenyewe marehemu, kama inavyopasa. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani amekumbuka kuwa alikuwa na mama. Wanaume walijaa juu sebuleni, wakasoma Qurani, wakala pilau. Mimi, mama na shangazi tulikuwa uani tangu alfajiri na masufuria. Baada ya chakula wageni wengi walishuka wakaondoka. Walibaki wazee wanne au watano, ami, na mtu mmoja aliyekuja na halua nyingi kuliko inavyohitajika kwenye hitima. Hatukumjua. Mama alisema labda ni rafiki wa ami wa bandarini.

Katika wasomaji palikuwa na mzee kipofu, na desturi yetu ni kwamba mtoto wa mwenye hitima humsindikiza mpaka mlangoni kwake. Ami alimwomba baba amsindikize. Kwa heshima gani! "Wewe ndiwe mwenye miguu," alimwambia. Baba alimshika mzee mkono, wakashuka pole pole, wakapita ukumbini, wakatokomea kichochoroni. Mzee alikaa karibu na Ngome, mwendo wa robo saa kwa miguu yake.

Tuliendelea kuosha. Baada ya muda nilimwona baba anarudi, anavua viatu kwa haraka, anapanda ngazi. Haikufika hata dakika moja tukasikia sauti ya ami kutoka juu, kubwa na tamu: "Al-Fatiha!"

Shangazi aliinua mikono yake. Ilikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Mama aliinua yake. Mimi niliacha sufuria, nikainua yangu. Sote tulisoma, tukajipangusa uso, na shangazi akasema, "Mungu amrehemu mama."

Kisha juu tukasikia, "Mabruki! Mabruki!"

Hakuna anayesema mabruki, yaani hongera, kwenye hitima. Shangazi alinitazama, na nikaona uso wake unavyobadilika kabla yeye mwenyewe hajajua kwa nini. Nilipanda ngazi mbili mbili. Msichana wa kwetu haingii sebuleni kwa wanaume bila buibui, na mimi niliingia na kanga iliyolowa, miguu mitupu. Mtu wa halua alikuwa amemshika baba mkono kwa mikono yake miwili anautikisa. Wazee wanapeana halua. Baba amesimama karibu na mlango, hajakaa hata kitako, uso wake kama wa mtu aliyeamshwa.

"Imekuwaje?" nikauliza. "Baba, imekuwaje?"

Ami ndiye aliyejibu, kwa upole. "Mambo yamekwisha, mwanangu. Twamshukuru Mungu. Babako amesoma na sisi."

Nikaelewa yote. Mtu wa halua ndiye mnunuzi. Wameyazungumza ya nyumba baba akiwa njiani na mzee kipofu, na wakasubiri mpaka wasikie miguu yake kwenye ngazi.

"Baba, sema!" nilipiga kelele. "Waambie! Wewe umemsomea bibi! Sema!"

Wazee walitazama mikeka. Mmoja alisema astaghfirullah, si kwa yaliyotendeka, kwa sababu yangu mimi, msichana mwenye sauti. Na baba, aliyekaa karibu mwaka mzima kwenye kisiwa cha watu, aliyejua habari zote za wanaokataa, alinitazama na kuniambia kwa sauti ndogo:

"Nenda ndani."

Hivyo tu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu kwa maneno hayo mawili, na nilimpenda, na chuki hiyo na mapenzi hayo sikuweza kuyatenganisha wala leo siwezi. Ningemwelewa ami. Ami alikuwa na tamaa, na tamaa inaeleweka. Baba alikuwa na aibu. Aliona aibu kumvunjia kakake kauli mbele ya wageni, aibu kurudisha mkono ulioshikwa, aibu kusema mbele ya wazee kwamba kakake amewatumia. Aliona afadhali dada yake akose paa kuliko watu watano wakose raha ya kula halua.

Jioni ile shangazi hakulia. Alimuuliza tu, "Uliisoma?"

"Niliisoma ya mama."

"Basi mwambie kaka. Mwambie kesho, kabla ya wakili."

Baba alitazama mikono yake. "Fatiha haifutwi," alisema.

"Na mimi niliisoma," shangazi akasema. "Mikono na mapovu. Na mimi nimeuza?"

Nilingoja baba amjibu, nilingoja siku ile na siku zilizofuata, na haya ndiyo ninayoyasema kila nikisikia mtu anatusifu watu wa pwani kwa upole wetu. Upole wa nani? Nani anaulipia? Siku ya wakili baba alitia sahihi. Shangazi naye akatia, kwa sababu wakubwa wamekwisha kusoma, na kwa sababu mwanamke aliyeachwa akishtaki ndugu zake huonekana ndiye aliyeharibu ukoo.

Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi. Mlango wa nakshi uling'olewa kwanza, sisi tungali ndani. Nilisikia ulikwenda kwenye hoteli moja ya watalii, na siku kadhaa tulining'iniza shuka mahali pake. Watu wa mkate walifika, wakaona shuka, wakasimama kichochoroni wasijue wabishe wapi. Shangazi alioka mpaka siku ya mwisho. Tulikuwa tunahamia Kisauni, vyumba viwili vya kupanga, vya nyumba ya Kiswahili, vilivyotazamana, ng'ambo ya daraja. Sikuwa nimewahi kulala nje ya kisiwa. Mwenye nyumba wa kule alisema hataki tanuri uani kwake, moshi utachafua kuta.

Insha yangu ilirudi katika juma hilo la kufunga mizigo. Niliikabidhi kabla ya hitima, nikiwa bado na majivuno nayo. Mwalimu alikuwa kijana wa bara, mtu mzuri, mwenye bidii, na alama alinipa za kutosha. Aliweka vema kwenye mlima na mvua, vema kwenye saa, vema kubwa kwenye jodari. Lakini ile sentensi niliyoipigia mstari kwa rula aliizungushia wino mwekundu, na pembeni akaandika: Haiwezekani. Nani aliyeona? Taja shahidi.

Nilimkasirikia mwalimu pia, kwa sababu siku zile nilimkasirikia kila mtu. Nilidhani anadharau neno la baharia. Sasa nadhani aliuliza swali la haki. Naye alikuwa amezaliwa katika nchi hii.

Baba alinikuta nimekaa juu ya sanduku la vyombo na daftari mapajani. Ule mkebe wa jodari ulikuwa juu kabisa ya vikombe, umefungwa kwa gazeti. Akaniuliza nimepata ngapi, swali lake la kwanza kwangu tangu siku ya hitima, maana nilikuwa simsemeshi. Nikampa daftari.

Alisoma kurasa zote nne akiwa amesimama. Niliona midomo yake inakwenda, na mara moja, kwenye habari za mvua, akakaribia kutabasamu. Alipofika kwenye wino mwekundu akainua uso.

"Mwambie ni mimi," alisema. "Mwambie babako alikaa kule, aliona kwa mato yake."

"Na akiniuliza tunahamia wapi?" nikasema. "Na akiniuliza kwa nini?"

Chini, uani, shangazi alikuwa akivunja tanuri. Hakutaka wavunje wao. Tulisikia nyundo, kisha vigae, kisha nyundo.

Baba akaomba kalamu. Nilimpa, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi nikamtazama vizuri, kwa sababu nilidhani ataandika jina lake pale pembeni, atie sahihi, awe shahidi wangu. Aliegemeza daftari ukutani, akaikata ile sentensi ya ardhi, mstari mmoja ulionyooka juu ya maneno, kutoka neno la kwanza mpaka nukta, akanirudishia.